Ukunga wa Sebuleni: Mwongozo kwa Baba Kijacho Mwenye Bando

Hongera, baba kijacho. Kipimo kimeonyesha mistari miwili, mkeo amelia kidogo na kucheka kidogo, wewe umeshampigia simu kaka yako, na sasa umekaa kwenye kochi ukijiuliza mwanamume wa kisasa anafanya nini kwa miezi yote hii. Zamani jibu lilikuwa fupi: anatoa hela ya supu na kukaa mbali. Siku hizi kuna video. Mwongozo huu utakufikisha kwenye ukunga bingwa bila kukuinua hapo ulipo.

Nunua bando. Usinunue la siku moja, maana video ya kwanza itakuvuta kwenye ya pili, ya pili kwenye ya kumi, na ikifika saa nane usiku utakuwa umewaona wanawake wa mabara manne wakijifungua, ng'ombe wa Uholanzi akivutwa ndama kwa kamba, na tembo. Ya tembo usiiruke. Mimba ya tembo huchukua takriban miezi 22, habari itakayokufaa sana siku mkeo atakapolalamika kwamba miezi tisa ni mingi. Mwambie. Kisha jiandalie pa kulala.

Sasa chagua mwalimu. Wapo wauguzi wa hapa hapa nyumbani wanaoeleza mambo kwa Kiswahili, wamevaa sare, nyuma yao kuna kabati la chuma na kalenda. Hao waache, hawana mwanga mzuri. Mwalimu wako ni wale mume na mke wa ughaibuni wenye nyumba ya mbao na bwawa la kujaza upepo katikati ya sebule. Mishumaa inawaka. Gitaa linalia taratibu. Mume, mwenye ndevu, ameingia majini na kumkumbatia mkewe kwa nyuma. Mke anavuta pumzi, anatabasamu, anavuta tena, na mtoto anaibuka. Mbwa analamba ukingo wa bwawa. Muda wote: dakika kumi na nne.

Ukiirudia mara ya pili utawaona wanawake wawili kwenye kona, nje ya mwanga, mmoja kashika daftari. Wanapita kwa sekunde nne. Hao ni wakunga wenye leseni, na yale mabegi miguuni pao yamebeba mtungi wa oksijeni, sindano za kuzuia damu na kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua. Nje kuna gari lenye mafuta, na hospitali yenye chumba cha upasuaji haiko mbali. Lakini hawachezi gitaa, kwa hiyo mwongozo huu unakushauri uwapuuze kama mpiga picha alivyowapuuza.

Shughulika na bwawa. Linahitaji zaidi ya lita 500 za maji ya joto kama la mwili, nyuzi 37 hivi, na lazima yabaki hivyo kwa saa nyingi. Wewe una simtanki inayodondosha, jiko la mkaa, na sufuria kubwa uliyoazima kwa jirani tangu msiba wa mwaka jana. Ya kumi ikichemka, ya kwanza imeshapoa. Kama umepanga chumba na sebule, kumbuka pia kwamba uani kuna wapangaji wengine watano, kila mmoja ana maoni yake kuhusu mwanamke kukaa kwenye maji usiku, na maoni hayo yatatolewa kwa sauti.

Somo linalofuata ni pumzi, na hapa kuna historia ya kujidai nayo. Mwaka 1951 daktari Mfaransa Fernand Lamaze alikwenda Umoja wa Kisovieti, akaona wanawake wakifundishwa kukabili uchungu kwa kupumua kwa mpangilio badala ya kulazwa kwa dawa, akarudi Paris na kuanza kuwafundisha wa kwake. Mwaka 1959 Mmarekani Marjorie Karmel, aliyejifungulia kwake, alitoa kitabu cha kumshukuru, na baada ya hapo nusu ya Marekani ikawa inahema kwa kufuata maelekezo. Kabla yao, mwaka 1933, Mwingereza Grantly Dick-Read alikwishaandika kwamba hofu hukaza mwili, na mwili uliokazana huuma zaidi. Hilo lina ukweli wake, na mwanamke anayejua kinachomtokea huhangaika kidogo kuliko yule asiyejua. Ila sehemu ya ushahidi wa Dick-Read ilikuwa mwanamke wa kale aliyemtunga kichwani mwake, anayejipenyeza kichakani, anajifungua peke yake na kurudi shambani bila hata kuguna. Bibi zetu wangekuwa na la kumweleza, na si lote lingeandikika.

Hata hivyo jifunze kupumua. Ni jambo pekee kwenye video ambalo halimdhuru mtu likifanywa na asiyelijua. Fanyeni wote wawili jioni, mbele ya taarifa ya habari. Usimsahihishe mkeo. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane anayeambiwa kwamba anapumua vibaya huweza kufanya jambo ambalo hakuna video iliyolirekodi.

Baada ya pumzi huja cheo. Mwaka 1965 daktari Robert Bradley wa Denver aliandika kitabu kizima kuhusu mume kuwa kocha wa mkewe wakati wa kujifungua, na tangu hapo kila video ina mume anayesugua mgongo na kunong'ona maneno ya kutia moyo. Yaandike maneno yako, yakariri, kisha uende nayo mpaka kwenye mlango wa leba wa hospitali ya umma.

"Habari ya kazi, sista. Naomba kujua mke wangu amefikisha sentimita ngapi."

"Baba, kaa pale kwenye benchi."

"Lakini mimi ndiye mwenza wake wa uzazi."

"Umeleta glovu?"

Hukuleta. Kwenye video hakuna aliyeulizwa glovu. Kaa kwenye benchi pamoja na makocha wenzako, kila mmoja na chupa yake ya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua, na ushauri huo ni mzuri. Tatizo ni wodi yenye vitanda vinavyotazamana bila pazia, ambako kocha wa huyu ni mwanamume mgeni kwa yule. Kigoma, mradi mmoja uliporuhusu wenza kuingia, wanawake walikuja na mama zao, dada zao na mawifi. Hakuna kati ya hao aliyekuwa na kitabu cha Bradley.

Tuje kwenye muda, maana hapa ndipo mwanafunzi wa sebuleni hufeli mtihani wake wa kwanza. Umeona wanawake arobaini wakijifungua, na hakuna aliyevuka robo saa. Kwa hiyo tumbo la mkeo linapokaza saa tatu usiku, unaruka, unaita bodaboda, unaghairi bodaboda, unaita bajaji, unafika getini unatoa jasho, na muuguzi anapima na kusema njia imefunguka sentimita mbili, rudini nyumbani, tembea tembea, ule. Mimba ya kwanza inaweza kuchukua saa kumi na mbili za uchungu wa kweli na zaidi, na kabla yake kunaweza kuwa na siku za uchungu wa uongo, unaokuja, unakaza, unapotea. Mpiga picha anajua hayo. Ndiyo maana ana mkasi.

Kuna kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya saa hizo zilizokatwa, na kilibuniwa Afrika. Mwaka 1972, katika mji uliokuwa ukiitwa Salisbury na ambao leo ni Harare, madaktari Hugh Philpott na William Castle walichora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa tahadhari na mwingine wa kuchukua hatua. Mkunga wa kituo cha mbali, asiye na daktari jirani, aliweka alama kila alipopima njia. Alama zikiuvuka mstari wa kwanza, mama apelekwe hospitali kubwa bila kusubiri mambo yaharibike. Karatasi hiyo, patografu, imezunguka dunia. WHO imeirekebisha mara kadhaa, na mwaka 2018 ikasema wazi kwamba si kila mwanamke lazima afunguke sentimita moja kwa saa, na kwamba uchungu wenyewe hasa uhesabiwe kuanzia sentimita tano. Lakini kazi yake ni ile ile: kumwonyesha mtu mwenye mikono iliyofunzwa kwamba sasa siyo tena suala la kusubiri. Patografu haina muziki, na hakuna anayeitazama saa nane usiku kwa raha zake.

Utasema: mbona hata wakunga wenyewe hufundishwa kwa filamu? Ni kweli, na tena ziko nzuri. Mwaka 1953 George Stoney alitoa filamu iitwayo All My Babies, iliyotengenezwa kwa ajili ya idara ya afya ya jimbo la Georgia, Marekani, kuwafundisha wakunga weusi wa vijijini. Anayeonekana ndani yake ni mkunga halisi, Mary Coley, akiwazalisha wanawake majumbani mwao. Mwaka 2002 iliingizwa kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa milele nchini humo. Hiyo ndiyo babu wa hizo zako. Ila hiyo ilitengenezwa kwa watu waliokuwa tayari wameshika watoto wengi mikononi, wakirekebishwa namna ya kunawa mikono na kuandaa chumba. Mume wa nyumba haonyeshwi akizalisha.

Na hata kwa wenye mikono, kutazama peke yake hakutoshi. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, wakitumia mwanasesere. Walipojaribiwa tena kwenye mwanasesere walifanya vizuri. Chumbani, kwa watoto halisi, mambo yalibaki vile vile. Baadaye mwanasesere aliwekwa pale pale kazini, wakawa wanafanya mazoezi mafupi mara kwa mara, ndipo vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Hao ni wakunga na wauguzi, watu wa kazi hiyo. Mtoto asiyelia anatakiwa aanze kusaidiwa ndani ya dakika moja ya kwanza. Dakika moja ni matangazo mawili kabla video yako haijaanza, na hapo mtandao uwe mzuri.

Damu nayo. Video nyingi huikwepa, na zinazoionyesha huifanya ionekane ya kawaida, ukajiambia ukiiona utaijua iliyozidi. Hutaijua. Wahudumu wenye uzoefu wa miaka hukadiria pungufu wanapotazama kwa macho tu, kwa sababu damu huingia kwenye kanga, kwenye godoro, hutiririka sakafuni. Nusu lita, yaani chupa ndogo ya maji ya dukani, ndicho kiwango kinachoitwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na hicho ndicho chanzo kinachoongoza kwa kuua wazazi duniani. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliwawekea kina mama shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu isomwe kwa namba na matibabu yote yatolewe kwa pamoja papo hapo. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki wenye mistari! Wewe una simu yenye kioo kizuri sana, lakini haioni chini ya kanga.

Niwe mkweli hapa, utani pembeni. Wapo wanaojifungulia nyumbani bila mishumaa wala kupenda: mvua imekata barabara, zahanati iko ng'ambo ya mto, nauli haipo, au wametukanwa leba mara ya kwanza wakaapa kutorudi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania wanane kati ya kila kumi hujifungulia kwenye vituo vya afya, na vifo vya wazazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa vizazi hai 100,000, vikiwa vimeshuka sana kulinganisha na utafiti uliotangulia. Hao wawili waliobaki nje hawahitaji video ya bwawa. Wanahitaji daraja, na sista mwenye lugha nzuri.

Kwa hiyo maandalizi ya nyumbani yapo, tena mengi, ila hayapigiki picha. Chukua kadi ya kliniki ya mkeo, ile unayoipita kila siku juu ya friji, uisome. Ndani yake kuna kundi la damu, presha ya kila hudhurio, mkojo, tarehe ya matarajio. Huko kliniki wanawashauri muwe na mpango: mtajifungulia wapi, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto wengine, usafiri ni wa nani, nani yuko tayari kuchangia damu. Mume wa kawaida hujibu yote kwa "tutaangalia". Ongea sasa hivi na dereva wa bajaji anayelala karibu na kwenu, siyo yule mwenye muziki mzuri anayelala ng'ambo ya mji. Tafuta ndugu wawili wenye damu inayofaa, wajue wamepangwa. Hifadhi 115 kwenye simu zote mbili: ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaotafutia mama au mtoto mchanga mwenye dharura usafiri, na gari la wagonjwa lisipopatikana unatumia madereva wa mtaani waliosajiliwa. Weka fedha pembeni, taslimu, mahali ambapo hata wewe utaona aibu kuzigusa. Sera inasema huduma kwa mjamzito ni bure. Orodha utakayopewa kliniki itakuwa na glovu, pamba, mpira wa kulalia, kibana kitovu, beseni na doti za kanga. Usibishane na orodha. Nunua, ufunge kwenye begi, begi likae mlangoni kuanzia mwezi wa nane.

Kisha kariri, badala ya maneno ya kutia moyo, yale yasiyosubiri mchana: damu kutoka kabla ya wakati, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, maji kupasuka bila uchungu, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Likitokea moja, hakuna kutafuta video yake. Na kama kuna shangazi anayeleta chupa ya mizizi ya kuharakisha uchungu, pokea kwa mikono miwili, mshukuru, uimwage uani akishaondoka. Dawa hizo zinaweza kukaza mfuko wa uzazi mpaka ukapasuka.

Hapo ndipo atakapoingia mama mkwe, ameshuka basi la Moshi na ndizi za mtori, pilipili manga ya uji na dumu la maziwa. Atakukuta kwenye kochi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unatazama nini?"

Mwonyeshe. Bwawa, mishumaa, ndevu. Atatazama kimya mpaka mwisho, maana ni mtu mwenye adabu, kisha atauliza swali moja: "Huyu binti hana mama?" Rudisha video nyuma ukatafute. Hayumo. Hayumo mama, hayumo dada, hayumo jirani wa kushika mtoto wakati mzazi anakandwa maji ya moto, hakuna anayepika. Baada ya dakika ya kumi na nne, yule mwenye ndevu atafanya yote hayo peke yake, na labda ndiyo maana video imeishia pale.

Limebaki suala la wewe kutengeneza ya kwako. Usifanye. Mlango wa leba una tangazo la kukataza simu, na wanawake wa vitanda vya jirani hawakuomba kuonekana na binamu zako. Mkeo akitaka picha ya mtoto atasema, naye atasema akiwa amejifunika na nywele amezichana. Wewe hakikisha simu ina chaji, kwa sababu ataiomba ili ampigie mama yake, na wataongea muda mrefu kwa vocha yako.

Ukitumwa pedi za wazazi, nunua zile kubwa, pakiti mbili. Usiingie mtandaoni kulinganisha. Muulize dada wa duka la dawa mkabala na geti. Amehudumia makocha wengi na hatacheka mpaka utakapokuwa umevuka barabara.